Anitafute Mimi Kwanza

Siku ya pili ya juma, asubuhi, Mama Georgette alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake kule Baraka, anachuja mafuta ya mawese. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe juu ya ndoo, anamimina pole pole kusudi takataka zibakie juu. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukimimina kwa nguvu, kitambaa kinazama na mafuta yote yanarudia kuwa machafu. Ndipo akasikia pikipiki imesimama upande wa barabara, na sauti ya mutoto mwanamuke ikiuliza kwa jirani:

"Mama, hapa njo kwa Shangazi wa ku radio?"

Jirani Rehema hakosi jibu hata kwa mbuzi. Akasema: "Shangazi wa ku radio, shangazi wa mawese, shangazi wa nyimbo ya asubuhi mbele batu baamuke, bote ni ule mumoja. Pita huku nyuma. Lakini usikanyage mulenda yangu!"

Mutoto akatokea. Miaka yake ilikuwa kumi na sita hivi. Alivaa jupe ya bluu ya masomo na shati nyeupe iliyojaa vumbi la barabara, na saki ya madaftari alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili. Akakunja magoti kidogo, akasalimia.

"Jambo, Shangazi."

"Jambo, mutoto wangu. We ni wa nani?"

"Mi naitwa Nadège. Natoka Swima. Baba yangu ni Jacques, fundi wa mitumbwi." Akageuka kuangalia barabara. "Banakuya kunitafuta. Na we ulisema mwenye kunitafuta, akutafute we kwanza."

Mama Georgette akaacha kumimina.

"Nani alikuambia ile maneno?" akauliza, ingawa alijua.

"We. Siku ya posho, saa kumi, ku radio. Ulikuwa unaambia Vanessa. Na mi niko sawa na Vanessa, Shangazi. Hii mimba ni ya mwezi wa tatu."

Huyu Vanessa hakuwa mutu. Alikuwa sauti. Kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa kumi ya magaribi, radio ya Baraka ilitoa muchezo wa vijana, na Vanessa alikuwa binti wa mule ndani: mutoto wa masomo, anayeogopa baba yake, anayedanganywa na mwanaume mukubwa mpaka kupata mimba. Maneno ya muchezo yaliandikwa na kijana mumoja jina lake Eddy. Eddy alikuwa amesoma vitabu vyote vya vijana vilivyokuwa ndani ya kabati la mapadri, na alikuwa na wazo moja kichwani. Alilisema mara nyingi: "Mama, mu vile vitabu mutoto wa miaka kumi na tano analia kurasa makumi tatu, na batu bote bananyamaza kumusikiliza. Huku kwetu akilia dakika mbili banamutuma maji. Na mu filme ya ku telefone, mwisho kunatokea kijana mwenye motoka, anamuoa, imeisha. Hapa Baraka ile motoka itatokea wapi?" Kwa hiyo alitaka kuandika ya kwao, ya hapa, isiyo na motoka.

Mama Georgette ndiye alikuwa sauti ya shangazi wa Vanessa. Hakuwa mutu wa masomo mengi. Alizaliwa Lweba, akafika darasa la tano, akaacha. Wakati wa vita alikimbia na bwana yake ngambo ya ziwa, Tanzania, na kule kambini bwana akafa na ugonjwa, yeye akabaki na vijana wawili. Kule ndiko alijifunza kucheza, kwa michezo ya Noeli ya kanisa, maana sauti yake ilipita turubai tatu bila mikro. Aliporudi Baraka vijana wake walikwisha kuwa wakubwa, mumoja akaenda Kalemie, mumoja Bukavu, na yeye akashika biashara ya mawese na utumishi wa kanisa. Wamama walimuchagua kuwa mama mushauri. Wakati Eddy alipokuja kumulomba sauti yake, aliomba Mungu siku mbili, kisha akasema ndiyo.

Lakini yale maneno ambayo Nadège alisikia, Eddy hakuyaandika. Ndani ya kaye yake, daftari la muchezo, shangazi alipaswa kusema: "Ai, mutoto, umetupatisha haya. Tungojee baba yako." Mama Georgette aliyasoma nyumbani kwa kidole, neno kwa neno, akayashika vizuri. Alipofika mbele ya mikro, akaisukuma kaye pembeni. Sababu alimukumbuka dada yake Arlette.

Kwao Lweba, wakati ule, binti akipata mimba, jamaa yake inasimama na kumupeleka kwa mwanaume mwenye mimba. Wanaenda muchana, watu wanaona. Shangazi, dada ya baba, ndiye anatembea mbele, na ndiye anamukalisha binti chini mulangoni mwa wale watu na kumukabizi. Kisha wanaondoka wote bila kugeuka nyuma. Bila shangazi, safari hiyo haifanywi. Georgette alikuwa na miaka tisa, akapewa kubeba mukeka wa dada yake. Pale mulangoni Arlette alimushika kanzu, na shangazi yao akabandua vidole vya Arlette kimoja kimoja. Arlette hakumaliza mwaka katika ile nyumba, akafa.

Basi mbele ya mikro, kinywa cha Mama Georgette kikatoa kingine: "Mutoto wangu, mbele ya kuambia baba yako, kuja kwangu. Mwenye kukutafuta, anitafute mi kwanza. Mi njo shangazi." Eddy alishikwa na baridi ya furaha nyuma ya kioo, akaacha ipite.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, Mama Félicité, presidenti wa wamama, alimuvuta pembeni. "Georgette! Mama mushauri muzima, unafundisha batoto kukimbia babaza yao?"

"Ni muchezo, Mama Félicité."

"Muchezo! Basi ucheze Marta, ucheze Naomi, tukusikie vizuri."

Ni muchezo. Alikuwa amejibu hivi juzi tu, na sasa muchezo ulisimama mbele ya ndoo yake, na vumbi hata kwenye kope.

Akamukalisha Nadège kwenye kibao, akamupa chai na muhogo wa kuchemsha. Mutoto alikula kama mutu ambaye hakukula toka jana, na akieleza. Mwanaume ni Dieumerci, mwenye mashua tatu pale Swima, na nyumbani kwake kuna wake wawili. Alimupa telefone. Alimuambia atamulipia masomo. Baba alipojua, hakumupiga. Alikaa tu chini ya mutumbwi aliokuwa akitengeneza, akakaa pale hata giza. Kesho yake ndugu zake wakakutana, wakasema apelekwe kwa Dieumerci, na siku ilikuwa hii ya leo, saa tano.

"Na shangazi yako wa kweli?"

"Alibakiaka Tanzania, ku kambi. Balitafuta bibi moja wa jirani asimame pa nafasi yake. Asubuhi mi nikasema naenda kuoga ku ziwa. Nikatoka na saki."

"Dereva wa pikipiki anakujua?"

"Ananijua, Shangazi. Yeye pia anasikilizaka Vanessa."

"Atasema kwenye alikuleta?"

Nadège karibu acheke. "Ule? Toka Swima mupaka Mboko alisimama mara ine kusalimia batu. Akirudia, atasema mbele baulize."

Mama Georgette akahesabu kichwani. Dereva arudi Swima, baba apande pikipiki, apite Mboko, apite Lweba. Mbele jua lisimame katikati, watakuwa hapa. Akanawa mikono kwa sabuni, lakini wekundu wa mawese ulibakia kwenye kucha. Akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamulomba Mungu ampe maneno. Maneno hayakuja. Akainuka, akapigia Eddy telefone.

Jua lilikuwa limepanda wakati Eddy alifika anakimbia, kaye mukononi, jasho mpaka kwenye mukaba. Alipomuona Nadège akasimama kama aliyekanyaga musumari.

"We dada, haukusikia mwisho ya epizode? Tulisema: huu ni muchezo."

"Nilisikia," Nadège akajibu. "We njo ulisema ni muchezo. Yeye hakusema."

Eddy akafunua kaye yake. Akamugeukia Mama Georgette, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, huyu baba akienda kushitaki, radio itafungwa. Bakubwa bengine banangojea tu sababu. Niliandika karatasi hapa, angalia: 'Sauti za muchezo hazina undugu na musikilizaji yeyote.' Akifika, umusomee. Useme: mi si shangazi wa mutu. Basi, inaisha."

"Na mutoto?"

"Mutoto tutamupeleka ku ile bureau inalindaka batoto."

"Iko wazi?"

Eddy akakuna kichwa. "Mradi uliisha mwezi wa tatu. Lakini kibao ya jina ingali pale."

"Kibao itamulisha?" Rehema akauliza toka upande wa pili wa ua wa lupango. Alikuwa anakwangua sufuria moja toka asubuhi, na ile sufuria ilikuwa imekwisha kutakata. "Eddy, we kijana ya kaye! Unaweka mutoto ku mutumbwi, unasukuma, kisha unasema kasia haikuwa mu hadisi?"

"Mama Rehema, niko naongea na Mama Georgette."

"Na mi niko naongea na sufuria yangu."

Kabla Eddy hajajibu, pikipiki mbili zikasikika. Nadège akasimama. Kikombe kikaanguka, chai ikamwangika kwenye majani.

"Kaa," Mama Georgette akamuambia. "Usikimbie. Ukikimbia sasa, miguu yako haitasimama tena."

Wakaingia watu watatu. Mbele alikuwa Mama Félicité na kitambaa chake cha kanisa kichwani, maana Baba Jacques ni mukristo wa kanisa lile lile kule Swima, na alipofika Baraka alienda kwanza kuuliza njia kanisani. Nyuma yake alikuja Jacques mwenyewe, mwanaume mwembamba, mikono imeingia lami nyeusi ya kuziba mitumbwi. Wa mwisho alikuwa ndugu yake mudogo, Néhémie. Kwenye pikipiki yake, imefungwa na kamba ya mupira, kulikuwa valizi nyekundu. Nadège alipoiona akatoa pumzi kidogo, kama mutu aliyechomwa mwiba. Ilikuwa valizi yake. Hawakuja kumurudisha nyumbani. Walitaka kumutosha hapa na kumupeleka moja kwa moja.

Mama Georgette akawapa viti. Wakasalimiana, wakaulizana habari ya afya, habari ya mashamba, habari ya ziwa. Kila habari ilikuwa muzuri. Hakuna aliyemuangalia mutoto.

Kisha Baba Jacques akasema: "Mama, mi si mutu mubaya."

"Sikusema, Baba Jacques."

"Mi mwenyewe nasikilizaka ile muchezo, nikiwa napigilia mbao. Posho, uliposema ile maneno, nilichekaka. Nikasema, huyu mama iko na kinywa! Sikujua ni mi unasemea." Akafuta uso. "Niko na batoto ine badogo nyuma ya huyu. Muke wangu alikufaka. Mimba mu nyumba, mwenyewe anajulikana, iko na mashua, tena hakatalie. Batu banasema: Jacques, unangojea nini?"

"Na mutoto anasema nini?"

"Mutoto!" Néhémie akaingilia. "Mutoto alisema ile siku alipokea telefone."

"Nyamaza, Néhémie," kaka yake akamuambia bila kumugeukia.

Mama Félicité akaona nafasi. Akaongea kwa upole, na ukweli ni kwamba alitaka kumusaidia rafiki yake: "Baba Jacques, huyu ni mama wa kanisa, tunamujua. Mambo ya radio ni ya kuchekesha tu vijana. Georgette, ambia baba kama ulikuwa unacheza. Mutoto arudie na babaza yake, tufunge na maombi, tuachane na amani."

Eddy akasukuma ile karatasi yake juu ya goti la Mama Georgette.

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu. Hata lingekuwa neno la kweli, maana damu ya Jacques haikuwa damu yake, hakuwa amemuona huyu mutoto mpaka asubuhi ile. Akaangalia karatasi. Akaangalia Nadège. Mutoto hakulia, hakumukazia macho. Alikuwa anaangalia chini, kwenye kikombe kilichoanguka, kama mutu anayengojea kusomewa pointi zake za mwisho wa mwaka na ambaye anajua ameanguka.

Ndipo Baba Jacques akasema jambo ambalo hakuna aliyelingojea.

"Mama, kama ni muchezo, umuambie mutoto hapa, asikie kwa kinywa yako, na sisi tutaenda. Lakini kama we ni shangazi..." Akasogeza kiti karibu. Sauti ikashuka, ikawa ya mutu anayelomba. "Kama we ni shangazi, ninakuomba usimame utangulie mbele. Dada yangu iko mbali. Ule bibi tulipata, Dieumerci hamuheshimu. Lakini we, Swima nzima inajua sauti yako. Akiona ni Shangazi wa ku radio njo anamuleta, atamupokea vizuri. Atakuogopa. Hatamupiga."

Hata Rehema akaacha sufuria yake.

Mama Georgette akapima njia zote mbili. Akikana, mutoto anaenda kwa Dieumerci. Akikubali, mutoto anaenda kwa Dieumerci, na yeye mwenyewe ndiye atatembea mbele ya valizi. Na huyu baba alidhani anamulinda mutoto wake. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amefikiri usiku kucha namna ya kumuacha binti yake kwa mutu bila kupigwa, na hii ndiyo aliyopata.

"Baba Jacques," akasema, "nikuulize. Kwenu shangazi akikatala?"

Néhémie akacheka. "Shangazi hakatalake."

"Mi nauliza akikatala."

Jacques akainua uso. Alikuwa mutu wa desturi, na mutu wa desturi hawezi kudanganya juu ya desturi. "Akikatala, safari hakuna. Mwanaume hakabizi mutoto mwanamuke."

"Yule bibi munaweza kumusimamisha pa nafasi yake?"

"Kama shangazi iko, hapana."

"Basi mi niko," Mama Georgette akasema. "Mi ni shangazi yake. Na mi nakatala."

"Georgette!" Mama Félicité akasimama.

"Yaya Jacques!" Néhémie naye akasimama. "Hawa banatuchezea! Huyu mama hata Kibembe cha Swima hajui! Shikeni mutoto twende!" Akanyosha mukono kumushika Nadège. Eddy, ambaye hakuwa mutu wa nguvu, akajikuta amesimama katikati yao na kaye yake mbele ya kifua. Mukono wa Néhémie ukabaki hewani.

"Néhémie, kaa!" Jacques akapaza sauti kwa mara ya kwanza. Kisha akamugeukia Mama Georgette, na upole wote ulikuwa umetoka katika uso wake.

"Mama, unajua unasema nini? Shangazi si sauti. Sauti inasema posho saa kumi, saa kumi na moja inanyamaza. Shangazi anakula na mutoto. Akigonjwa usiku, ni shangazi. Batu bakimutukana, banatukana shangazi. Na siku ya kuzaa..." Akakata, akaanza tena. "Mama yake alikufaka mu kuzaa. Huyu akikufa, tutakuya kulilia hapa kwako. Na hatutakuya kulia tu."

Mama Georgette alitaka kuyarudisha maneno yake kinywani. Alikuwa mwanamuke wa miaka makumi tano na ine, na mugongo unaouma, na nyumba ya vyumba viwili. Alifikiri siku ya kuzaa, alifikiri damu, alifikiri watu hawa hawa wakirudi kupitia mulenda ya Rehema na vilio. Hakuna andiko lililomujia. Kulikuja tu vidole vya Arlette, kimoja kimoja.

"Mutakuya kulilia hapa," akasema.

"Georgette," Mama Félicité akasema kwa sauti ya chini, "kumbuka nafasi yako mu kanisa."

"Nakumbuka, Mama Félicité."

Jacques akakaa. Akaangalia mikono yake ya lami. Kisha akamuambia ndugu yake afungue ile valizi. Néhémie alifungua kamba kwa hasira, mupira ukamurudia kwenye vidole, akatukana, akaitupa valizi mulangoni. Jacques akaiinua, akaipangusa vumbi, akaisimamisha vizuri. Hakumuambia Nadège neno. Akamugusa kichwa tu, haraka, kama anayejaribu ubao kama umekauka, akaondoka. Alipofika kwenye pikipiki akageuka nyuma. Akapanda, na akageuka tena.

Mama Félicité aliondoka bila kuaga. Siku ya Mungu iliyofuata walisoma kanisani jina la mama mushauri mupya, bila maelezo. Mama Georgette akaenda kukaa benchi ya nyuma, kando ya mulango, pale wanapokaa wenye watoto wadogo. Hakukasirika, lakini alipofika nyumbani alilala na viatu.

Dieumerci alituma mutu mara mbili kuuliza "kintu yake". Mara zote mbili mujumbe alikutana kwanza na Rehema, na majibu ya Rehema hayafai kuandikwa.

Siku ya ine, siku ya kurekodi, Eddy alikuja na uso unaongaa. "Mama, nilikesha nikiandika! Baba na mikono ya lami, ndugu mwenye hasira, valizi nyekundu. Hii epizode watu watalia mpaka Uvira!"

"Hapana."

"Mama?"

"Vanessa ni wako, umuandike. Nadège si wako. Baba yake anasikilizaka ile radio akipigilia mbao. Unataka ajisikie tena mule?" Mama Georgette akachukua kaye, akafunua kurasa kwa kidole. "Tena, Eddy, wewe na mimi tulikosa. Tulimuambia mutoto akimbie. Hatukuandika kesho yake. Nani anamupikia? Akitapika asubuhi, anaenda masomo namna gani? Benzake banamuambia nini? Vile vitabu vyako vinasema?"

Eddy akafikiri. "Vingine vinasema."

"Basi uandike vile. Pole pole. Hata kama watu hawalie mpaka Uvira."

Ilichukua juma mbili kupata masomo. Prefe wa kwanza, mukubwa wa masomo, alisema nafasi zimejaa. Wa pili aliangalia tumbo, akaangalia dirisha. Wa tatu, mwanamuke mwenye miwani, aliuliza mutoto anatoka mwaka gani na ana pointi ngapi za hesabu, akaandika. "Ndugu yake ni nani?" Mama Georgette akasema: "Shangazi," na yule prefe akainua macho, akaisikia sauti, akatabasamu kidogo, akaandika hilo pia.

Asubuhi ya siku ya kwanza walitembea pamoja mpaka karibu na mulango wa masomo. Nadège akasema: "Shangazi, bakia hapa. Niingie peke yangu." Mama Georgette akabaki ngambo ya barabara na bidon ya mawese mukononi.

Watoto walikuwa wengi pale mulangoni, na habari ilikuwa imefika mbele yao. Kijana mumoja akaanza: "Vanessa! Eh, Vanessa! Saa kumi haiyafika, unatafuta nini huku?" Wengine wakacheka. Binti mumoja akatia sauti nzito ya mutu muzima: "Mutoto wangu, kuja kwangu!" Wakacheka zaidi.

Nadège akasimama katikati ya njia. Mugongo wake, ndani ya ile shati nyeupe, ukakaza. Mama Georgette aliona kisigino kimeanza kugeuka. Akajua atarudi, atapita hapa anakimbia, na kesho hatakubali tena. Mikono ikamuwasha kuvuka barabara na kuwapasua wale watoto kwa kinywa chake. Lakini alikuwa ameombwa abakie. Akaweka bidon chini, akashikana mikono yake miwili.

"Mi naitwa Nadège," mutoto akasema. Sauti haikuwa kubwa, ilikuwa karibu kukatika. "Vanessa iko ku radio. Mukitaka kumucheka, mungojee posho. Mi niko na hesabu saa hii."

Yule binti wa sauti nzito akasogea pembeni, pengine kwa haya, pengine kwa kushangaa tu, na nafasi ikapatikana. Nadège akapita.

Kengele ikalia. Uwanja ukabaki mutupu, vumbi likashuka. Watu wa mawese walikuwa wanamungojea sokoni, na jua lilikuwa linapanda, lakini Mama Georgette hakuondoka. Akangojea tena kidogo, kwa sababu mutoto anaweza kutoka hata kengele ikiisha kulia. Hakutoka.